Nyama ya Watawa

Lázaro Chiu alipika miaka thelathini na moja katika jiko la mgahawa wa Kichina pale Mexicali, nchini Mexico, na kwa miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kuuona uso wake. Chakula kilipita kwenye dirisha dogo, na walichokiona watu ni mikono tu. Hali hiyo ilimfaa. Watu wakimtazama wakati anasema, maneno yalimkwama kooni. Akiachiwa karai, moto na kisu, hakuwa na haja ya kusema chochote.

Baba yake alitoka Canton kuja kuchuma pamba katika bonde lile, akaoa mwanamke wa Sonora, akazeeka hapo hapo. Lázaro mwenyewe alibatizwa akiwa na siku nane, akapata komunyo pamoja na watoto wa mtaa, na China hakuwahi kuiona hata kwa dirisha la ndege. Lakini macho ni macho. Watu aliozaliwa nao mtaa mmoja walimwita Mchina, na yeye aliitika.

Mkewe Ofelia alifariki binti yao Zulema akiwa na miaka tisa. Lázaro akajifunza kusuka nywele, akajifunza kukaa kwenye vikao vya shule bila kusema neno, akajifunza kujua siku ambayo mtoto hataki kuulizwa. Sasa Zulema alikuwa na miaka ishirini na minne, alipokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na alitaka kuolewa na Efraín Barraza. Na Lázaro alitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: kumshika binti yake mkono na kumpeleka katikati ya kanisa mpaka altareni, watu wote wakimwangalia. Yeye aliyekimbia kuangaliwa maisha yake yote, hilo alilitaka. Siku moja Zulema alirudi nyumbani mapema akamkuta kwenye ujia, anatembea polepole, kiwiko kimetoka nje kama anashikwa na mtu.

“Baba, unafanya nini?”

“Nanyoosha goti.”

Zulema alicheka mpaka akakaa chini.

Tatizo lilikuwa Bi Eduwiges, mama yake Efraín. Alikuwa katekista wa parokia, amefundisha watoto wa komunyo kwa miaka ishirini, na ndiye aliyeamua mambo yote ya ukoo wa Barraza. Posa rasmi ilipangwa kufanyika Jumapili ya Pasaka. Lakini Bi Eduwiges akatuma neno kwamba atakuja kwanza Ijumaa Kuu, baada ya Njia ya Msalaba, kula mlo mdogo wa mchana na kuiona nyumba. Siku aliichagua mwenyewe. Alitaka kuona watu hawa huweka nini mezani siku ambayo Mkristo haguzi nyama.

“Pika samaki,” Zulema alimwambia baba yake. “Samaki wa kukaanga, wali, basi. Kila mtu hula samaki.”

“Samaki atakula kwake.”

“Ndiyo maana.”

“Nitapika nyama ya watawa.”

Zulema alimtazama. “Baba, usianze.”

Lakini Lázaro alikuwa ameshaanza kichwani. Bi Eduwiges aliwahi kusema mbele za watu kwamba Mchina anaweza kupika wali wa mayai lakini taco, ile chapati ya mahindi inayokunjiwa nyama, itamshinda mpaka anaingia kaburini. Maneno hayo yalimfikia Lázaro, na mtu mwenye aibu hasahau anachoambiwa; hukiweka tu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitaka kujionyesha.

Nyama ya watawa ilikuwa chakula cha baba yake. Mzee yule alisimulia kwamba kule kwao kuna watawa wa milimani wasioonja nyama mpaka kufa, na wapishi wao hushindana kutengeneza bata wa maharage na samaki wa uyoga, mpaka mgeni adanganyike. Mgeni aliyedanganyika hucheka, akamsifu mpishi. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mzee alipooa mwanamke wa Sonora akaona Kwaresima inavyomtesa kwa kukosa nyama, akamtengenezea taco za namna hiyo, nusu za kwao na nusu za kwake. Katika nyumba ya akina Chiu, kila Ijumaa ya Kwaresima, ndicho kilicholiwa, na hakikuwa na jina lingine.

Kazi ilianza Jumatano. Lázaro alinunua tofu, ile jibini nyeupe ya soya, kwa Mchina mwenye duka la nyuma ya soko, ambaye huitoa kwenye ndoo ya maji na kumfungia mteja kwenye mfuko. Zulema ndiye aliyeitia kwenye friza. Tofu ikiganda kisha ikayeyuka haiwi tena laini. Inafanya matundu kama sifongo, na ukiikamua unaweza kuichana kwa vidole ikatoa nyuzi, kama paja la nguruwe lililochemka. Alhamisi Lázaro aliiyeyusha yote, akaifunga kwenye kitambaa, akaweka juu yake chuma cha kusagia pilipili, akaiacha ilie maji yake. Akaloweka uyoga mkavu mweusi, na maji ya uyoga hakuyamwaga. Akakaanga pilipili kavu pana mpaka zikanukia, akazisaga na kitunguu saumu, tangawizi, maji ya chungwa, siki kidogo, sosi ya soya na pembe mbili za kile kiungo cha Kichina chenye umbo la nyota. Kiungo hicho kikikutana na sosi ya soya kinatoa harufu ya nyama, na sababu haijui mtu; wapishi wanajua tu kwamba ni hivyo. Akachanganya vyote, akafunika.

Ijumaa mchana, wageni wakiwa wameshaketi, alikaanga. Mafuta yalikuwa ya mahindi. Aliiacha tofu ikauke na kushika rangi, kingo zikawa ngumu na nyeusi kidogo, akanyunyizia ufuta. Chapati ndogo za mahindi alizipasha moja moja juu ya chuma. Juu ya kila taco aliweka kabichi iliyolala kwenye siki, vitunguu, giligilani. Pembeni, pilipili za njano zilizokaangwa nzima na kutiwa sosi ya soya na ndimu, kama zinavyoliwa katika kila nyumba ya Mexicali, iwe ya Mchina au ya nani.

Mezani walikuwa watu wanne. Bi Eduwiges, amevaa nyeusi, vumbi la Njia ya Msalaba bado liko kwenye viatu vyake. Efraín, ameketi karibu na Zulema lakini si karibu sana. Na mjomba wake Efraín, Abundio, kaka wa Bi Eduwiges, aliyekuja kutoka Hermosillo kwa ajili ya Pasaka. Mtu mnene mwenye mguu mbovu na mdomo usiopumzika.

“Mchina akikuambia hii ni kuku,” Abundio alisema sahani zilipofika, “uliza kwanza paka wa jirani yuko wapi.”

“Abundio,” alisema Bi Eduwiges, lakini alitabasamu.

“Nauliza tu. Mzee Lázaro, jirani ana paka?”

“Ana mbwa,” alisema Lázaro.

“Alikuwa naye,” alisema Abundio, akauma taco.

Wakala. Lázaro hakuketi, alisimama kwenye mlango wa jiko na kitambaa mkononi, akiangalia midomo. Abundio alimaliza ya kwanza bila kupumua. Efraín alichukua pilipili ya njano, akatokwa machozi, akachukua nyingine. Bi Eduwiges alikula moja, akajipangusa, akala ya pili. Alipochukua ya tatu hakumwangalia mtu. Aliikunja vizuri kwa vidole viwili, akainamisha kichwa kama wanavyofanya wanaojua kula taco, akauma nusu. Mchuzi mwekundu wa pilipili ulimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akaulamba.

Kisha akasimamisha taya.

“Mzee Lázaro,” akasema. “Hiki ni nini?”

Lázaro alikuwa amelingoja swali hilo siku mbili. Damu ilimpanda usoni. Aliangalia kitambaa cha meza, na neno lililomjia ni lile la baba yake, lile la nyumbani, ambalo hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu asiyelijua.

“Ni nyama ya watawa,” alisema.

Bi Eduwiges alichukua kitambaa cha karatasi, akatema kilichokuwa mdomoni, akakikunja mara nne.

“Watawa gani wanaokula nyama Ijumaa Kuu?”

“Si nyama,” alisema Lázaro. “Ni jina tu. Ni soya. Ni tofu, ambayo…”

“Umesema nyama.”

“Jina lake ndiyo nyama. Lakini yenyewe si…”

“Mimi nina miaka sitini na mbili. Nimekula nguruwe tangu nina meno. Leo unaniambia sijui nguruwe?”

“Mimi nimekula nne,” alisema Abundio. “Kama ni moto, mimi nimeshaungua. Nisogezee sahani.”

“Abundio, nyamaza. Mzee huyu ametualika siku ya kufa kwa Bwana, akatulisha nyama, na ameipa jina la watawa ili acheke.”

“Sikucheka,” alisema Lázaro.

“Unacheka ndani. Ninyi mnacheka ndani.”

Lázaro alitaka kuonyesha tofu, lakini aliitumia yote. Haikuwa na karatasi wala boksi. Ilitoka kwenye ndoo. Alifungua mdomo aeleze jinsi inavyogandishwa, na alipoona nyuso nne zimemgeukia, maneno yakakwama palepale yalipozoea kukwama. Alichofanya ni kuonyesha jiko kwa mkono, kama kusema, njooni mwone.

Bi Eduwiges akaja akaona. Hakuangalia karai, hakuangalia chupa ya mafuta. Alifungua friji, akafungua friza, akatoa kipande kikubwa cha bega la nguruwe lililofungwa kwenye nailoni. Kilikuwa cha Jumapili, cha posa. Pembe moja ilikuwa imekatwa.

Akakileta mezani, akakiweka kati ya sahani.

“Na hii pembe imekwenda wapi?”

Sasa, pembe ile aliikata Zulema. Jumatano jioni, siku ambayo nyama si dhambi, alimkaangia Efraín alipopita kutoka kazini. Efraín aliila na chapati tatu, akasema ni tamu. Lázaro alikuwepo. Alimtazama Efraín, akingoja aseme. Efraín alikuwa anaangalia pilipili za njano, anazihesabu kama amepewa kazi hiyo.

“Zulema,” alisema Lázaro.

Binti yake aliinua uso. Lázaro alimjua siku zake zote kwa uso wake, lakini uso huu hakuwahi kukutana nao. Ulikuwa uso wa mtu anayesimama dirishani kwa daktari wa meno na kumwambia mgonjwa kwamba leo hakuna nafasi.

“Baba,” alisema, “mwombe mama radhi, yaishe.”

“Radhi ya nini?”

“Sema uliweka kidogo. Kwa bahati mbaya. Ya kutia ladha.”

“Lakini wewe unajua…”

“Baba. Sema, yaishe.”

Nje, muuza barafu alipita na kengele yake, akaenda zake. Lázaro alikunja kitambaa alichoshika, akakikunjua. Alifikiri kwamba kama atakaa kimya, harusi haitakuwepo, na binti yake hatamsamehe. Na kama atasema, harusi itakuwepo, naye atampeleka altareni, na uongo mdogo utasahaulika kabla ya Pentekoste. Hesabu hiyo aliiona iko sawa.

“Niliweka,” alisema.

“Uliweka nini?” Bi Eduwiges alikuwa ameketi, mikono imekunjwa. Watoto wa komunyo aliwafundisha hivyo hivyo. Jibu nusu hakulipokea kamwe. “Sema sentensi nzima.”

“Niliweka nyama.”

“Nyama ya nini?”

“Ya nguruwe.”

“Lini?”

“Leo.”

“Leo ni siku gani?”

“Ijumaa Kuu.”

“Tuunganishe.”

“Niliweka nyama ya nguruwe leo, siku ya Ijumaa Kuu.”

“Ukijua.”

Alimwangalia Zulema mara moja zaidi. Zulema alikunja kitambaa cha karatasi mara mbili, akakikunja tena.

“Nikijua,” alisema Lázaro.

“Haya.” Bi Eduwiges alipumua, uso wake ukalainika kidogo, kama mwalimu aliyemaliza somo gumu. “Mimi si Mungu. Nakusamehe. Binti ni binti mzuri, hana kosa, tutamchukua. Lakini mtu aliyefanya jambo hili hatapita katikati ya kanisa letu akiwa ameshika mkono wa mke wa mwanangu. Padri ananijua, wanaparokia wananijua. Abundio atampeleka.”

“Mimi?” alisema Abundio. “Na mguu huu? Tutafika altareni wana watoto.”

“Utampeleka.”

Lázaro alingoja. Alifikiri, sasa hivi Zulema atasema. Hapa haiwezekani asiseme.

“Sawa, mama,” alisema Zulema.

Wageni walipoondoka, Abundio aliomba taco mbili zilizobaki afungiwe kwenye karatasi, za njiani, akapewa. Zulema aliosha sahani, Lázaro akafuta. Walifanya hivyo tangu Ofelia alipofariki, binti anaosha, baba anafuta.

“Tofu uliitia kwenye friza wewe mwenyewe,” alisema Lázaro hatimaye.

“Najua.”

“Na ile pembe uliikata wewe.”

“Najua, Baba. Kila kitu najua.” Alisugua sahani ambayo ilikuwa safi tayari. “Nilikuambia upike samaki.”

Harusi ilifanyika mwezi wa tano, joto limeshaanza kuua ndege. Lázaro alikaa benchi la tano upande wa kushoto. La kwanza mpaka la nne yalikuwa ya akina Barraza, hata yale ya upande wa bibi harusi, maana Bi Eduwiges alipanga viti. Abundio alimleta Zulema kwa kuchechemea, na kila alipokanyaga mguu mbovu alimvuta kidogo upande. Watu walicheka kwa upole, wakasema ni mjomba mwenye moyo. Walipopita benchi la tano, Lázaro alisimama vizuri, akanyoosha shingo. Shela ilikuwa kati yao. Kama alimwona au hakumwona, hakujua.

Mgahawani habari ilishafika. Wapishi wenzake, Wachina wa kweli waliozaliwa Canton, walimcheka kwa sababu yao wenyewe.

“Chiu, umetengeneza nyama ya watawa ikamdanganya katekista?”

“Ndiyo.”

“Basi wewe ni mpishi mkubwa.”

“Nimepoteza binti.”

“Ndiyo, lakini ilimdanganya.” Na wakagonga makarai kwa miiko.

Zulema alihamia nyumba ya akina Barraza, upande wa pili wa mfereji. Alikuja kumwona baba yake mara moja kwa mwezi, kisha kwa miezi miwili. Lázaro hakulaumu. Alimuuliza habari za kazi, za mguu wa Abundio, za joto. Ijumaa za Kwaresima iliyofuata alikula samaki, peke yake, wa kukaanga.

Mwaka wa pili, mwezi wa kumi, aliitwa. Mtoto wa Zulema alikuwa amebatizwa asubuhi hiyo, Jumapili, na akina Barraza walichoma nyama uani. Lázaro alivaa shati jeupe, akabeba keki. Walimweka mwisho wa meza ndefu, kando ya mama mmoja jirani aliyekuwa mgeni mtaani na hamjui mtu. Mama huyo aliuliza, kwa nia njema, mama wa mtoto na mume wake walianzaje.

“Ah,” alisema Efraín, “mwambie, Zulema. Ile ya Ijumaa Kuu.”

“Siwezi, Baba yupo.”

“Ndiyo raha yake.”

Zulema akaweka mtoto begani, akasimulia. Alisimulia vizuri. Alimwiga Bi Eduwiges anavyolamba kifundo, na Bi Eduwiges mwenyewe akapiga meza kwa kicheko. Alimwiga Abundio na paka. Kisha akafika kwenye jiko.

“Mimi nilikuwa nimemwona asubuhi,” alisema Zulema. “Yuko na kisu, anakatakata ile nyama ya nguruwe vidogo vidogo, kila mara anageuka kuangalia mlango. Nikajiambia, huyu mzee anatupeleka wapi? Halafu mama anamuuliza ni nini, anajibu,” na hapa akainamisha kichwa, akashusha sauti ikawa ya Lázaro kabisa, “ ‘ni nyama ya watawa.’ ”

Meza yote iliangua kicheko. Lázaro hakuangalia meza. Alimwangalia binti yake, akingoja macho yake yashuke. Yangeshuka kidogo tu, hata kwa kupepesa, yeye angetosheka. Angeelewa kwamba anacheza, kwamba ni mchezo wa kuishi nao nyumba hii. Macho hayakushuka. Zulema alimtazama sawasawa, ametabasamu, kama unavyomtazama mtu ambaye naye alikuwepo na anaweza kushuhudia.

“Kweli, mzee?” aliuliza yule mama jirani. “Ulifanya hivyo kweli?”

Watu walimgeukia, uani kote. Lázaro alisikia maneno yanapanda, na safari hii hayakukwama.

“Kweli,” alisema. “Lilikuwa bega. Lina mafuta mengi.”

Walicheka zaidi, mpaka mtoto akaamka. Bi Eduwiges aliinuka mwenyewe, akaenda kwenye moto, akachagua ubavu mmoja mkubwa, akamwekea kwenye sahani, akamgonga begani.

“Kula, Mchina,” alisema. “Leo ni Jumapili.”

Lázaro akaushika ubavu kwa mikono miwili, akala.